Mwalimu kuchoka mpaka ndani: si uvivu, na mwili unalipa

Mwalimu akianza kukasirika ovyo mu darasa, kukosa kazi ao kufundisha bila moyo, watu wanasema: «Amekuwa muvivu.» Pengine sivyo. Kuna uchovu wa kazi ambao usingizi wa usiku mmoja hauwezi kuondoa. Wengi wanauita burn-out.

Ni nini?

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema huu ni matokeo ya mkazo wa kazi uliodumu bila kutunzwa. Haliuhesabu kuwa ugonjwa, lakini linataja alama 3: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi tena kitu cha maana.

Unatoka wapi?

Hapa Congo, masomo ya bure mu shule za msingi, yaliyoandikwa katika Katiba ya 2006, yalianza kutekelezwa mwaka 2019. Watoto wengi waliingia shuleni, na hilo ni jambo jema. Lakini madarasa yalijaa, na prime ya wazazi ikakatwa. Wale wanaoitwa nouvelles unités wako wanafundisha bila mushahara wa serikali. Kisha masomo, mwalimu anakwenda shambani ao sokoni kutafuta chakula cha nyumbani. Usiku anasahihisha makayi.

Mwili unalipa namna gani?

Mwaka 2021, OMS na Shirika la Kazi Ulimwenguni (OIT) walionyesha kwamba kutumika saa 55 ao zaidi kwa juma kunapandisha hatari ya kiharusi kwa 35%, kulinganisha na saa 35 mpaka 40.

Mazoea yanaongeza mzigo. Asubuhi ni chai ya sukari tu. Usiku ni bugali mingi na chumvi mingi. Wengine wanakunywa pombe ili walale, lakini pombe inavunja usingizi. Kesho yake uchovu umezidi. Na tension inaweza kupanda bila maumivu yoyote.

Mwalimu afanye nini?

– Apimishe tension ku kituo cha afya. Ikipatikana 140/90 ao zaidi siku mbili mbalimbali, aanze kufuatwa na muganga.
– Chumvi isipite kijiko kimoja kidogo kwa siku, pamoja na ile ya ndani ya kube.
– Alale saa 7. Mazoezi mengine asahihishe mu darasa, pamoja na wanafunzi.
– Kutembea kwa miguu kwenda shuleni kunahesabiwa: mwili unahitaji dakika 150 kwa juma.
– Aongee na mwenzake. Mawazo ya kutaka kufa yakija, aende kituo cha afya siku ileile, na asiende peke yake.

Na wengine?

Direkta anaweza kugawanya kazi vizuri na kuacha kumfokea mwalimu mbele ya watoto. Walimu wenye likelemba wanaweza kuweka sehemu kidogo pembeni kwa ajili ya matunzo. Wazazi waulize mwalimu hali yake kabla ya kumshitaki.

Mushahara na wingi wa watoto mu darasa ni juu ya serikali. Kulala mapema hakutamaliza shida hiyo. Lakini tension haingojee mushahara uongezwe. Ndiyo maana kuipima ni kazi ya juma hili.