Kifaranga cha Samaki Katika Maji Mapya: Historia Inatufundisha Nini

Ndugu mfugaji wa Kibaha na Kisarawe, kila msimu wa kununua vifaranga swali ni lile lile: "Nimeleta vifaranga 500, nimewamwaga bwawani, kesho yake nusu wanaelea. Je, muuzaji kaniuzia wagonjwa?" Inawezekana. Lakini mara nyingi vifaranga walifika wazima, wakafia katika zile dakika chache za kutoka kwenye mfuko kuingia bwawani. Leo tuangalie watu waliotutangulia walivyohamisha samaki hai, walichopata na walichopoteza. Hela yako iko humo, na Mto Ruvu pia umo.

Tuanze na samaki wa mapambo. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani kisanduku cha kioo chenye maji ya bahari sebuleni. Leo biashara hiyo imefika kwetu. Samaki wadogo wa matumbawe wanavuliwa kwa mkono pwani ya Kenya, wanafungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni, wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Wamo wale wembamba wenye rangi kali ambao usiku hujifukia mchangani, na wengine ambao kazi yao ni kuwasafisha samaki wakubwa kwa kuwatoa wadudu mwilini.

Mnunuzi wa samaki huyo hathubutu kummwaga moja kwa moja. Anauelekeza mfuko juu ya maji mpaka joto lilingane. Kisha anadondosha maji mapya humo kwa mrija mwembamba, tone kwa tone. Anazima taa. Anakuwa ameshaweka mchanga wa kutosha chini, maana samaki huyu akiogopa anakimbilia kujifukia, na juu ameweka mfuniko kwa sababu anaruka. Yote hayo kwa samaki mmoja! Sisi tunamwaga 500 kwa mkupuo mmoja.

Sababu ni hii: samaki hana joto lake mwenyewe kama kuku. Mwili wake unafuata joto la maji. Vilevile mwili wake hulazimika kurekebisha chumvi yake kulingana na maji yanayomzunguka. Ukimbadilishia ghafla, anapata mshtuko, na anaweza kufa hapo hapo au baada ya siku mbili tatu.

Wakulima walilijua hili mapema. Kisiwani Java, mwishoni mwa miaka ya 1930, mtu aitwaye Mudjair aliwakuta karibu na bahari perege wa asili ya Afrika, wale tunaowaita perege wa Msumbiji. Simulizi ya huko inasema aliwabeba kwenda nyumbani kwake kwenye maji baridi, wakafa. Akarudi tena na tena, kila safari akiongeza maji baridi kidogo kidogo kwenye maji ya bahari, mpaka wakazoea. Hadi leo Waindonesia wanamwita samaki huyo kwa jina la mkulima huyo. Subira yake ililisha vijiji vingi.

Sasa sikia habari inayotuhusu sisi wa Pwani. Katika Mto Wami kuna perege wa asili ambaye pia alikuwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akapelekwa Malaya. Huko Malacca, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti C. F. Hickling alimpandisha dume wa Zanzibar kwa jike wa perege wa Msumbiji. Watoto waliozaliwa wakawa madume watupu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu perege dume na jike wakikaa pamoja huzaliana mno, bwawa linajaa samaki wa kidole na hakuna wa kuuza. Baadaye, mwaka 1966, Ethelwynn Trewavas wa jumba la makumbusho la London alimpa samaki huyo wa Wami jina lake la kisayansi. Kwa hiyo mbegu iliyosaidia kuanzisha wazo la kufuga madume watupu ilitoka mto wa jirani yetu. Usiwadharau samaki wa asili.

Hapa nyumbani, ufugaji ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949 huko Korogwe, na pia Malya mkoani Mwanza. Kufikia 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapatayo 8,000. Mengi hayakuwa yakifanya kazi: usimamizi hafifu, ufundi usiofaa, ukame. Kuchimba shimo na kumwaga vifaranga kulikuwa rahisi. Kilichoshinda ni matunzo ya siku zilizofuata.

Sura nyingine ni ya Ziwa Victoria. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara na sato waliingizwa ziwani. Miaka ya 1980 sangara wakaongezeka kupita kiasi. Viwanda vya minofu vikajengwa, hela ikaingia, na watu wengi wakapata kazi. Lakini furu wa aina nyingi, wanaokadiriwa kufika mamia, walipungua au kutoweka, na ngege, aliyekuwa samaki mkuu wa wavuvi, akawa adimu. Faida ilipatikana, hasara ilipatikana, na hakuna aliyeweza kumrudisha sangara alikotoka. Samaki akishaingia kwenye maji ya asili, haitwi akarudi.

Ndiyo maana nakutajia Ruvu. Mto huu, ambao maji yake husafishwa Mlandizi na kunywewa mpaka Dar es Salaam, una perege wake wa asili, ndugu wa yule wa Wami na wa Rufiji. Watafiti walioandika mwaka 2019 walionyesha kuwa perege wa kuletwa, sato akiwemo, wameshasambaa katika mito na maziwa mengi ya Tanzania kutokana na miaka mingi ya kupandikizwa. Wageni wanagombania chakula na wenyeji, na wanazaa nao pia. Mbegu safi ikishachanganyika, mfugaji wa kesho hana pa kuichukua.

Sasa tuje kwenye kazi. Ukinunua vifaranga, fuata haya:

1. Safirisha asubuhi na mapema au jioni. Usiweke mfuko juani wala karibu na injini ya bodaboda.

2. Ukifika, weka mfuko uelee bwawani bila kuufungua kwa dakika 15 hadi 30. Tia mkono ndani ya bwawa, kisha gusa mfuko: joto lifanane.

3. Fungua, ongeza kikombe cha maji ya bwawa, subiri dakika chache, ongeza tena. Rudia mara nne au tano.

4. Lala mfuko ubavu, vifaranga watoke wenyewe. Usiwamwage kutoka juu.

5. Bwawa la mbolea lisilo na mashine ya hewa, weka vifaranga 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 20 linatosha 400 hadi 600.

6. Ukitaka kambale wa kula watoto wa perege, waweke baadaye, na wawe wadogo kuliko perege wako. Wakiingia wakiwa wakubwa, watakula mtaji wako.

7. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, na inua tuta kabla ya masika. Bwawa lililo bondeni likifurika, samaki wako watafika mtoni kabla yako.

8. Usiachie samaki wa kununua mtoni au kwenye lambo la kijiji. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ipo; muone afisa uvuvi wa wilaya kwanza.

Na wewe mfanyabiashara unayeleta vifaranga vijijini, mwambie mnunuzi ukweli: ni aina gani, wametoka wapi, ni madume watupu au mchanganyiko. Akivuna vizuri, msimu ujao atakutafuta wewe. Wakifa usiku wa kwanza, atatangaza jina lako kijiji kizima, hata kama kosa lilikuwa lake. Basi kaa naye ile nusu saa ya kwanza kando ya bwawa.