Kipimo Kimoja cha CRP Hakitoshi: Mchochota na Demensia kwa Wazee wa Masasi na Newala

Mwaka 2002 watafiti wa Honolulu walichapisha matokeo yaliyozua mjadala mkubwa. Wanaume wenye asili ya Kijapani ambao damu yao ilikuwa na protini ya CRP, kiashiria cha mchochota, kwa wingi walipokuwa watu wa makamo walipatwa na demensia, robo karne baadaye, karibu mara tatu zaidi ya wenzao waliokuwa nayo kidogo. Makala hii inadai kwamba uhusiano huo hauwezi kuhamishiwa Masasi na Newala kabla ya kujua ni nini kinachochochea mchochota huko.

CRP hutengenezwa na ini kwa amri ya interleukini-6, kemikali inayobeba ishara ya mchochota. Hupanda saa chache baada ya mwili kushambuliwa na, chanzo kikiondoka, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa mtu asiye na maambukizi, CRP iliyo juu kidogo mwaka hadi mwaka huashiria unene, kisukari au mishipa inayochakaa. Mkoani Mtwara, ziliko Masasi na Newala, mambo ni tofauti. Malaria ingali tishio, minyoo na kichocho vipo, na matende na mabusha yamewaandama wakazi kwa vizazi. Bibi wa Newala akipimwa wakati wa mvua, huenda CRP yake ikaeleza homa ya wiki ile tu. Hata kiangazi kina yake: moshi wa kuni jikoni, na vumbi la salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, huweza kuwasha njia ya hewa.

Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, wanautia uhusiano huo shaka zaidi. Maambukizi yamewajaa na CRP yao mara nyingi iko juu, lakini mishipa yao ya moyo ni miongoni mwa iliyo safi kabisa duniani, na utafiti wa mwaka 2022 ulikuta demensia kwa takriban asilimia 1 tu ya wenye miaka 60 na zaidi. Bila shaka kazi za sulubu na lishe yao vinachangia. Hata hivyo, mfano huo unatosha kuonyesha kwamba CRP ya minyoo na CRP ya kitambi hazibashiri jambo moja.

Kwa hiyo utafiti wa kusini unapaswa kuchukua damu zaidi ya mara moja, katika misimu tofauti, na kupima malaria na minyoo siku hiyohiyo. Demensia yenyewe itambuliwe kwa uchunguzi wa kitabibu, kama ilivyofanyika wilayani Hai, ambako makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Wakati huohuo zahanati zisisubiri maabara. Shinikizo la damu, uziwi na uoni hafifu vimo katika orodha ya vihatarishi 14 vya demensia iliyotolewa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024, lakini CRP haimo. Shilingi ya kwanza inunue mashine ya kupimia presha.