Nyaraka za Ukoo: Historia ya Istilahi na Hatima ya Barua za Kasulu na Kibondo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya maneno machache ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia kila siku: barua, waraka, hati na kumbukumbu. Sababu ya uchunguzi huu ni moja. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani katika nchi ya Uha ambayo kwa muda mrefu iligawanywa katika wilaya za Kasulu na Kibondo, zimo karatasi za jamaa zilizotunzwa katika masanduku ya bati na chini ya vitanda: barua za waliokwenda kufanya kazi mbali, vipande vya kazi, stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo na vya shule. Karatasi hizi ni sehemu ya historia ya nchi, lakini hazijapata jina moja linaloeleweka sawasawa ofisini na nyumbani. Kitu kisicho na jina hakiorodheshwi, kisichoorodheshwa hakitafutwi, na kisichotafutwa huishia kuwashia moto.

Asili ya maneno

Tuanze na neno waraka. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilihusu jani na karatasi. Katika Kiswahili cha zamani waraka ulikuwa ni barua tu, ile ambayo mtu humwandikia mwenzake. Maana hiyo imebaki mpaka leo katika Biblia ya Kiswahili, ambamo barua za mitume huitwa nyaraka. Msomaji anayeusoma Waraka kwa Filemoni anasoma barua fupi ya mtu mmoja kwa mwenzake, juu ya jambo la nyumba yake. Lakini katika utumishi wa serikali waraka umechukua maana nyingine: ni agizo au maelezo yanayotolewa na mkubwa na kusambazwa kwa ofisi nyingi. Ndiyo maana tunasema Waraka wa Rais au Waraka wa Elimu.

Neno barua limesafiri njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Katika Kiarabu asili yake ilikuwa hati ya kumwondolea mtu wajibu au kumpa idhini, yaani karatasi ya mamlaka. Katika Kiswahili barua imekuwa karatasi ya kila mtu. Kwa hiyo waraka ulitoka nyumbani ukaenda ofisini, na barua ilitoka ofisini ikaenda nyumbani. Hati nayo ilikuwa mstari na mwandiko wa mkono. Leo tunasema hati ya kiwanja, tukimaanisha karatasi yenye nguvu ya sheria. Masijala ni neno la daftari za kuandikisha, na jalada ni neno la ngozi ya kufungia kitabu. Miongoni mwa maneno haya yote, kumbukumbu peke yake ni la Kibantu moja kwa moja, kutokana na kukumbuka.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilianzisha hazina ya nyaraka za taifa, na chombo kilichoianzisha kilikuwa Waraka wa Rais. Sheria ya Nyaraka za Taifa ilifuata mwaka 1965. Mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, na idara inayohusika ikaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Katika jina hilo maneno mawili yamegawana kazi: kumbukumbu ni maandishi ya ofisi ambayo bado yanatumika, na nyaraka ni yale yaliyochaguliwa kuhifadhiwa daima. Mgawanyo huo ni mzuri kwa ofisi, ila haukufika nyumbani. Karani akisikia nyaraka, hufikiria maagizo ya wizara. Mzee wa ukoo akisikia kumbukumbu, hufikiria masimulizi, au siku ya kuwakumbuka marehemu. Sanduku la barua limekaa katikati ya maneno haya mawili, na wote wawili hulipita.

Mfuko wa barua uliopita Uha

Haikuwa lazima hali iwe hivyo, kwa kuwa barua za jamaa zimepita Uha tangu zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alisafiri kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Alipita kusini mwa nchi ya Uha, akatozwa hongo nzito na watawala wa huko, hata ikambidi kuondoka usiku kwa siri ili asitozwe tena. Katika msafara wake alikuwamo mtu aliyeitwa Kaif-Halek, jina ambalo kwa Kiarabu ni salamu ya kuuliza hali. Mtu huyo alibeba mfuko wa barua za Livingstone uliokuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870, nao ulikuwa umekwama njiani kwa muda wa mwaka mzima. Stanley ameeleza kwamba Livingstone alipoufungua mfuko huo Ujiji, alisoma kwanza barua moja au mbili za watoto wake.

Livingstone mwenyewe alikuwa ameishiwa na karatasi. Shajara yake ya mwaka huo wa 1871 aliiandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, kwa wino wa matunda ya mwituni. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki, lakini yalitunzwa, na mwaka 2011 yalichapishwa baada ya wataalamu kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali. Karatasi za Livingstone zimo Uskoti, na karatasi za Stanley zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Funzo tunalolipata hapa ni hili. Gazeti kuukuu lililoandikwa kwa maji ya matunda limedumu zaidi ya miaka 150 kwa sababu waliolipokea walijua ni kitu gani. Walikuwa na jina lake, mahali pa kuliweka, na mtu wa kulitunza. Ubora wa karatasi haukuwa na kazi kubwa katika jambo hilo.

Serikali tatu na majalada yake

Uha ilitawaliwa na serikali tatu za kigeni katika muda mfupi. Wajerumani walikuwapo hadi mwaka 1916. Wabelgiji wakafuata, wakaondoka mwaka 1921. Kisha wakaja Waingereza, hadi uhuru wa mwaka 1961. Kila serikali iliandika kwa lugha yake na kuweka majalada kwa utaratibu wake, na mtafiti wa historia ya Kasulu hulazimika kuyatafuta Dar es Salaam na Ulaya pia. Lakini majalada hayo yote yana mwelekeo mmoja: ofisi inaandika juu ya watu. Humo mwana wa Uha anaonekana kama mlipa kodi, kama mtu wa kuhamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, au kama nguvukazi.

Hata vyeo vya wenyeji viligeuzwa. Uha ilikuwa na himaya kadhaa, kama vile Heru na Muhambwe. Mtawala wa kila himaya aliitwa mwami, na chini yake walikuwapo watwale. Walikuwapo pia wateko, wenye mamlaka ya kimila juu ya ardhi. Vyeo hivi havilingani na sultani, jumbe wala chifu, ingawa maneno hayo yalitumika nchini kote katika lugha ya utawala. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeanza kutawala Heru mwaka 1946, hawezi kuelezwa vizuri kwa neno chifu peke yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na kadiri miaka inavyopita, ndivyo maana halisi za vyeo hivyo zinavyozidi kutegemea maandishi ya watu wenyewe.

Barua za manamba

Watu hao waliandika. Mkoa wa Kigoma ulikuwa mojawapo ya vyanzo vikuu vya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha wafanyakazi, na Waha wengi walichukuliwa kwenda Tanga, Korogwe na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi ambayo ilikamilika kwa siku 30 za kazi, na siku ambazo mtu hakufika kazini hazikuhesabiwa.

Kati ya shamba la mkonge na kijiji cha Uha palikuwa na reli, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, na palikuwa na barua. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake, na asiyejua kusoma alisomewa na mwanafunzi au katekista. Kiswahili ndicho kilichofundishwa shuleni, na kwa hiyo mambo ya ndani kabisa ya nyumba ya Waha yaliandikwa kwa Kiswahili: mahari iliyobaki, ng'ombe aliyezaa, shamba linalogombewa, mtoto aliyefariki. Barua za namna hii huanza kwa salamu ndefu na kuuliza hali, kisha huja neno la "baada ya salamu", ndipo linapotajwa jambo lenyewe. Utaratibu huo ni wa pwani na ni wa zamani sana. Barua kongwe kabisa zinazojulikana za Waswahili, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India. Mkulima wa Kibondo aliyemwandikia kaka yake Korogwe alikuwa anaendeleza sanaa hiyo, pengine bila ya kuiona bahari.

Msomaji atauliza: je, jambo hili linahusu nini istilahi? Linahusu sana. Katika barua hizo Kiswahili kilitumika kueleza mambo ambayo kamusi za wakati ule hazikuyafikiria, nacho kilichanganyika na Kiha pale palipokosekana neno. Anayetaka kujua watu waliitaje ajira, likizo, mkataba, ugonjwa na deni kabla ya kamati yoyote kusanifu maneno hayo, atapata jibu katika barua kabla ya kulipata katika majalada.

Karatasi hizi zimepata misukosuko mingi. Zipo zilizoliwa na mchwa na zilizooza kwa unyevu wa masika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Kigoma ilihamisha watu kwa wingi kwenda katika vijiji, na mwenye kuhama kwa haraka hubeba jembe na chungu kwanza. Tangu mwaka 1972, na hasa baada ya 1993, wilaya hizi zilipokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Jamaa waliopoteana waliandikiana kwa fomu za Msalaba Mwekundu, ambazo hubeba habari za nyumbani tu. Fomu hizo nazo ni barua za jamaa, na nyingine zimo katika mizigo ya watu waliokwisha kuondoka.

Mfano wa mbali

Mwaka 1930, mwaka ule ule ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, kilianzisha mkusanyo wa historia ya majimbo ya Kusini. Mwanahistoria J. G. de Roulhac Hamilton alizunguka kwa gari nyumba kwa nyumba akiomba barua za jamaa, shajara na daftari za mashamba. Kazi yake iliokoa karatasi nyingi mno. Lakini nyingi zilitoka katika nyumba za wenye mashamba. Watumwa waliolima mashamba hayo wameandikwa humo mara nyingi kama majina katika orodha ya mali, kwa kuwa sheria za majimbo mengi zilikataza kuwafundisha kusoma na kuandika.

Manamba wa Uha naye yumo katika daftari za shamba kama namba. Tofauti ni kwamba yeye hakukatazwa kuandika. Sauti yake iko katika sanduku la nyumbani kwake, nasi tukiipoteza hatutaweza kusingizia sheria ya mtu mwingine.

Mapendekezo ya istilahi

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo.

Kwanza, nyaraka lirudishiwe upana wake wa asili, yaani maandishi yoyote yanayohifadhiwa kwa ushahidi wake, yawe ya serikali au ya mtu. Agizo la ofisi litajwe kwa jina kamili, kama waraka wa serikali.

Pili, karatasi zote za jamaa mmoja ziitwe nyaraka za ukoo, na za mtu mmoja ziitwe nyaraka binafsi. Tumechagua ukoo badala ya familia kwa sababu barua aliyoandikiwa baba husomwa na baba mdogo, na kutunzwa na mjane wa kaka.

Tatu, mkusanyo uwe ni karatasi zilizopokewa kutoka chanzo kimoja na kuwekwa pamoja bila kuchanganywa na za wengine. Yale yanayosemwa kwa mdomo yaitwe masimulizi, ili yasichanganywe na kumbukumbu za ofisi.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, daftari la kupokelea litofautishe amana na hiba. Amana hubaki mali ya mwenyewe. Hiba imekwisha kutolewa. Wazee wengi husita kutoa barua kwa kuogopa kunyang'anywa, na lugha yetu inayo maneno mawili ya kuwatoa hofu. Asiyetaka kutoa kimojawapo aombwe nakala.

Tano, anayenakili barua asisahihishe tahajia. Palipoandikwa mtware paachwe mtware, ingawa mahali pengine ni mtwale, kwa maana kubadilishana kwa r na l ni alama ya lugha ya mwandishi, na anayeifuta hufuta ushahidi.

Hitimisho

Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa, inayohusu pia kuhifadhi kumbukumbu za Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Karume. Taifa limekwisha kukubali, basi, kwamba karatasi za mtu zinaweza kuwa mali ya wote. Kazi iliyobaki ni ya mwalimu wa Kasulu anayeweza kuwauliza wanafunzi kuna nini katika sanduku la babu, na ya mtendaji wa kata ya Kibondo anayeweza kufungua daftari la amana. Mwaka 2012 wilaya za Kakonko na Buhigwe zilimegwa kutoka Kibondo na Kasulu, na majalada yakagawanywa. Nyaraka za ukoo hazigawanyiki hivyo. Zitabaki pale zilipo mpaka atakayeziita kwa jina lake aje na kuzipokea.