Spiriti, Formalini na Dawa za Wagonjwa wa Akili

Ndugu zangu, tumezoea kuamini kwamba kiungo cha maiti kikishatiwa chupani na kufungwa lakiri, ushahidi umelala salama. Mie nasema inategemea umelazwa ndani ya maji gani.

Turudi Ubelgiji, Novemba 1850. Gustave Fougnies alifia nyumbani kwa shemeji yake, Hippolyte Visart de Bocarmé, bwana mwenye madeni aliyekuwa akiukodolea macho urithi wa marehemu. Viungo vikatiwa ndani ya spiriti kali, vikapelekwa Brussels kwa mkemia Jean Stas. Enzi hizo arseniki ilikuwa ikipatikana hata ndani ya maiti iliyofukuliwa, ila sumu za mimea zilikuwa zimewashinda wakemia. Stas alitumia spiriti na asidi, kisha alkali, kisha etha, mpaka akaitoa nikotini ya tumbaku. Mwaka 1851 Bocarmé akakatwa kichwa.

Miaka mia baadaye zikaja dawa za akili: klopromazini ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, imipramini ikafuata 1957. Nazo kikemia ni besi kama nikotini, kwa hiyo njia ya Stas ilizifaa. Lakini chupa zilikwisha badilika! Tangu Ferdinand Blum alipoonyesha mwaka 1893 jinsi formalini inavyoikaza nyama, mahospitali yaliishika hiyo. Na formalini haikai kimya.

Chukueni notriptilini, dawa ya sonona. Formalini huweza kuibandika kipande kidogo, kaboni moja na haidrojeni tatu, na hapo inakuwa amitriptilini, dawa nyingine kabisa. Ajabu ni kwamba ini la mtu aliye hai hufanya kinyume chake: mtu akimeza amitriptilini, ini hukibandua kipande hichohicho ikatoka notriptilini. Sasa mtaalamu akizikuta zote mbili chupani, atasemaje? Rahisi mno kusema marehemu alimeza amitriptilini, na kama daktari hakumwandikia, basi polisi wataanza kuuliza nani nyumbani alikuwa nayo. Mjane wa watu anahojiwa kwa kosa la chupa.

Mashine za leo za kupima uzito wa molekuli hazimwokoi: zitaiona amitriptilini kwa sababu kweli imo. Kinachosaidia ni damu na kipande cha ini kugandishwa kwenye barafu kabla formalini haijaguswa. Kama vimekosekana, hayo maji ya chupa nayo yapimwe, msiyamwage, maana sehemu ya dawa huvujia humo.