Nusu mlingoti

Rais wa Marekani akifariki, awe madarakani au mstaafu, bendera hupepea nusu mlingoti siku 30. Makamu wa Rais aliye madarakani, Jaji Mkuu na Spika hupewa siku 10. Ndivyo linavyosema tangazo la Rais Eisenhower la 1954.

Kiingereza cha Marekani kina maneno mawili hapa: moja la nchi kavu, lenye mti wa bendera, na jingine la melini, lenye mlingoti. Kadeti wa kule hufundishwa mapema kutoyachanganya. Sisi tuna moja tu, tena la baharini, na tunalitumia hata Dodoma, mbali na jahazi lolote. (Lugha iliyotupa tanga na matanga haioni ajabu hapo.)

Lakini kitenzi kinatuponza. Magazeti huandika kwamba bendera "imeshushwa". Kwa taratibu za Marekani, bendera ya maombolezo hupandishwa kwanza hadi kileleni, ikatua kidogo, ndipo ikateremshwa hadi katikati. Jioni hupandishwa tena kileleni kabla ya kuondolewa. Siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofia vitani, Jumatatu ya mwisho ya Mei, hukaa nusu mlingoti hadi saa sita mchana tu, kisha hupandishwa juu kabisa.

Bendera iliyoshushwa ni ile iliyokwisha kukunjwa na kuwekwa ndani. Wahariri, andikeni "inapepea nusu mlingoti".