Miaka hamsini ya kupunguza kaboni monoksaidi Marekani

Kaboni monoksaidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutokea petroli, kuni, mkaa au takataka zinapoungua bila hewa ya kutosha. Mtu akiivuta, hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni kwa zaidi ya mara 200, mwili ukakosa oksijeni ingawa mapafu yanaendelea na kazi yake.

Mwaka 1970 Marekani ilimwaga hewani takriban tani milioni 200 za gesi hiyo, na karibu nne ya tano zilitoka kwenye magari ya barabarani. Kabureta za wakati huo zilipeleka kwenye injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza, hasa injini ikiwa bado baridi au gari likiwa kwenye foleni. Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, uliumia mara mbili: hewa yake ni nyepesi, na wakati wa baridi tabaka la hewa yenye joto huufunika mji na kuuzuia moshi usipande.

Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, ambayo seneta Edmund Muskie alikuwa mtetezi wake mkuu. Sheria ilidai magari mapya ya 1975 yatoe kaboni monoksaidi pungufu kwa asilimia 90. Watengenezaji wa magari walilalamika kwamba teknolojia haikuwa tayari, na mwaka 1973 mkuu wa Shirika la Kulinda Mazingira, William Ruckelshaus, akawaongezea mwaka mmoja. Hata hivyo aliwawekea viwango vya mpito vikali kiasi kwamba kampuni nyingi hazikuwa na njia ila kufunga kifaa kipya kwenye bomba la moshi.

Kifaa hicho ndicho mafundi wa Tanzania hukiita masega. Ndani yake mna vijitundu vingi vilivyopakwa madini kama platinamu na paladi, na moshi ukipita humo kaboni monoksaidi hupata oksijeni na kugeuka kaboni dioksaidi. Eugene Houdry, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa, alishughulikia wazo hilo tangu miaka ya 1950, lakini risasi iliyochanganywa kwenye petroli iliharibu kichocheo. Kwa hiyo ilibidi petroli ibadilike kwanza, na kuanzia Julai 1974 vituo vikubwa vya mafuta vya Marekani vililazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na kabla ya hapo magari mengi yaliyoingizwa na masega yake hayangeweza kunufaika nayo.

Gari la kabla ya udhibiti lilitoa zaidi ya gramu 80 kwa maili. Kiwango cha 1975 kilikuwa gramu 15, na cha 1981 gramu 3.4. Jumla ya taifa haikushuka kwa kasi hiyo, kwa kuwa magari ya zamani yaliendelea kutumika na safari ziliongezeka. Mwaka 1990 bado zilitoka takriban tani milioni 150, na kufikia 2010 kiasi hicho kilikuwa kimepungua kwa karibu nusu. Ushindi huu ni mkubwa kuliko unavyotajwa, maana kati ya 1970 na 2019 umbali unaoendeshwa kwa mwaka nchini humo uliongezeka karibu mara tatu. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2002 walikadiria kwamba hadi 1998 vifo vya ajali vipatavyo 11,700 vilivyohusiana na moshi wa magari huenda viliepukwa.

Vyanzo vingine vilikuwa na mwendo wake. Uchomaji wa takataka ulipungua haraka baada ya kudhibitiwa. Majiko ya kuni yalikwenda kinyume: bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, familia nyingi zilirudi kwenye kuni kupasha nyumba joto, na gesi kutoka majumbani ikaongezeka karibu maradufu hadi katikati ya miaka ya 1980. Viwango vya majiko mapya vilikuja mwaka 1988.

Hesabu hizi zote ni makadirio: idadi ya magari na umbali wake huzidishwa kwa kiasi ambacho kila aina hutoa. Vipimo vya barabarani vilifichua udhaifu wa wastani huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Donald Stedman wa Chuo Kikuu cha Denver alimulika moshi wa magari yanayopita kwa miale ya infraredi, akakuta kwamba takriban nusu ya kaboni monoksaidi ilitoka kwa kama moja ya kumi tu ya magari. Mengi yalikuwa yamekosa matengenezo. Masega yakifa au yakitolewa, gari hata la karibuni hurudia uchafu wa zamani.

Septemba 2010 eneo la mwisho lililokuwa limevuka kiwango cha taifa, sehemu 9 kwa milioni kwa saa 8, lilithibitishwa kuwa limekifikia. Tangu hapo uzito wa hesabu umehamia kwenye injini ndogo za mashine za kukatia nyasi na jenereta, pamoja na moto wa misitu wa majimbo ya magharibi, ambao hakuna kifaa cha bomba kinachoweza kuuchuja.