Jirani Kabla ya Nyumba



Huenda wewe ni kijana uliyeoa karibuni, au ni mzazi ambaye mwanawe wa Tanga, wa Bagamoyo au wa Kilwa amepata kazi bara. Barua imekuja, yasema Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Mke ni mdogo, mtoto bado yumo mgongoni. Sasa watatafuta nyumba, na maswali ya kwanza twayajua: vyumba vingapi? Umeme upo? Ua una ukuta na mlango wa chuma? Hayo si maswali mabaya. Lakini yako mengine yanayopaswa kutangulia, na historia ya nchi ile ile wanayoiendea yatufundisha.

Kibakwe iko kusini ya mji wa Mpwapwa, katika nchi ya milima. Na Mpwapwa si jina geni kwa watu wa pwani. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe ilikuwa ikitua hapo. Kilichowasimamisha kwanza ni maji. Mbele yao ilikuwako nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, na aliyeiingia bila ya kujaza vibuyu alijitia hatarini mwenyewe. Hapo Mpwapwa wapagazi walinunua chakula, wakapumzisha miguu, na mgonjwa asiyeweza kuendelea aliachwa mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alimwacha hapo mwenzake mmoja mgonjwa, na huko huko mtu yule akafa.

Basi zingatia jambo hili. Wazee wetu hawakuchagua mahali pa kutua kwa uzuri wa nyumba. Walichagua penye maji, na penye watu ambao mtu aweza kuwaachia mgonjwa wake.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1889, katika vita vya Bushiri wa Pangani, kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa kilishambuliwa, na mwaka ule ule Wissmann akajenga ngome huko. Kisha reli ikaja. Ilipita Gulwe, ikauacha mji wa Mpwapwa kando, na mwaka 1910 ikafika Dodoma. Dodoma ikakua, Mpwapwa ikapoa. Walakini mji waweza kupoteza cheo chake usipoteze watu wake, na mtafuta nyumba asidanganyike kwa cheo.

Katika Dodoma yenyewe, kama katika miji mingi ya ukoloni, watu waligawanywa kwa rangi. Majina yangali yasema: Uzunguni, Uhindini, Majengo. Wakazi hawakushauriwa. Baada ya uhuru, serikali nayo ilikuwa na mipango yake. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, Wagogo wengi walitolewa katika tembe zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vya Ujamaa. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1976 ukatolewa mpango wa mji mpya uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa dhati, viwanja vipya vimepimwa na nyumba nyingi zimesimama.

Sisemi kwamba mipango hiyo yote ilikuwa mibaya. Nasema kwamba amri yaweza kupanga nyumba kwa mstari, wala haiwezi kupanga mapenzi. Nyumba hujengwa kwa miezi, na mtaa hujengwa kwa umri wa watu. Mtaa ni yule bibi anayejua mtoto gani ni wa nani, ni fundi anayekukopesha mpaka mwisho wa mwezi, ni watu wanaotoka usiku bila ya kuitwa mara mbili. Vitu hivyo haviuzwi pamoja na kiwanja.

Waarabu husema, tafuta jirani kabla ya nyumba. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622, kila mmoja katika Ansari alitaka ashukie kwake. Akawaambia wamwache ngamia aende zake. Ngamia akapiga magoti katika kiwanja cha mayatima wawili. Kiwanja kikanunuliwa kwa thamani yake, hakikuchukuliwa bure, na hapo ukajengwa msikiti. Muda huo Mtume alikaa nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari, naye akawaunga Muhajirina na Ansari kwa udugu. Mhamaji alipewa jirani kabla hajapata nyumba yake.

Iko na khabari ya Bani Salima. Walikaa mbali na msikiti, wakataka kuhamia karibu. Mtume akawataka wabaki majumbani mwao, akawajulisha kwamba hatua zao za kuja msikitini zaandikwa, wala hakupenda pande za Madina ziachwe tupu. Mtaa wa zamani, basi, haufai kukimbiwa kwa kuwa uko mbali kidogo tu.

Hata hivyo tusipambe. Mtaa mkongwe una taabu zake. Nyumba yaweza kuwa ya urithi, warithi kumi na mwenye kukupokea kodi mmoja, kisha wale tisa wakakutoa. Choo chaweza kuwa karibu na kisima, paa laweza kuvuja, na macho ya watu ni mengi. Kwa hivyo, kabla ya kutoa kodi, fanya haya.

Uliza maji yatoka wapi, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, hupatikanaje. Uliza nyumba ni ya nani, na maelewano yaandikwe mbele ya mashahidi. Mpeleke mkeo akaongee na wanawake wa pale, maana yeye ndiye atakayeshinda hapo mchana kutwa, nao watamwambia ambayo dalali hakuambii. Pita tena baada ya isha usikie mtaa ulivyo. Tazama watoto wanasoma wapi, chuoni na shuleni. Na juu ya yote jiulize: mke wangu akishikwa na uchungu usiku nami nimesafiri, nani atabisha mlango? Ukilipata jina la mtu mmoja, umepata mtaa. Usipolipata, ukuta na mlango wa chuma havitakusaidia kitu.

Kisha ukiingia, usingojee kupewa tu. Usiseme, "Hawa ni watu wa bara, mimi ni mtu wa pwani." Jifunze maamkizi yao, hudhuria misiba yao, na ukipika wali wa nazi mpelekee jirani sahani, awe Mwislamu au asiwe, kwani haki ya jirani haikufungiwa dini. Mtaa ulioukuta mzuri ulifanywa mzuri na waliokutangulia. Akija mgeni mwingine baada yako, naye akauliza nani atabisha mlango usiku, jina atakalotajiwa na liwe lako.

Mwenyezi Mungu atujaalie majirani wema, na atujaalie sisi kuwa majirani wema. Amin.